Ulikuwa na bei ya chini na bado ukanyimwa tenda? Tuongee

Najua uko na faili. Iko chini ya kitanda ama juu ya kabati: cheti cha kampuni, cha KRA, cha AGPO, kila kimoja nakala tatu. Zabuni ikitangazwa, uko kwa saiba asubuhi na mapema. Halafu matokeo yanatoka, unaambiwa umeshindwa na mtu aliyeitisha pesa nyingi kukuliko. Unawaka. Unaandika mtandaoni kwamba tenda za Meru na Embu zina wenyewe.

Pengine ni kweli zina wenyewe. Lakini kabla hujabonyeza, nisikize.

Rafiki yangu mmoja ni seremala pale Makutano, Meru. Aliomba kazi ya madawati 400 ya shule katika ofisi moja ya umma ambayo sitaitaja. Bei yake ndiyo ilikuwa ya chini kuliko zote. Akanyimwa, barua ikasema hana mashine za kutosha kumaliza kazi kwa wiki sita. Alikuja kwangu akitoa moshi. Nikamwuliza, tukiwa wawili tu, "Sasa niambie ukweli. Madawati 400 kwa wiki sita, ungemaliza?" Akanyamaza. Ana randa moja ya umeme, vijana wawili wa mkono, na stima ambayo hupotea bila kuaga. Mwishowe akasema, "Nusu ningempa fundi wa Nkubu." Na huyo wa Nkubu je, yeye angempa nani?

Hapo nikadhani ofisi ilikuwa sawa. Kisha nikaomba kuona stakabadhi za zabuni. Nikazisoma mara mbili. Hakuna mahali palipoandikwa neno mashine. Hakuna. Kigezo kilichomwangusha kilizaliwa baada ya bahasha kufunguliwa.

Kwa hivyo jamaa alikuwa hana uwezo, na bado alikuwa ameonewa. Mambo hayo mawili yanaweza kuwa kweli kwa pamoja, na ndiyo maana mizozo ya tenda haimalizwi kwa kelele za "bei yangu ilikuwa ya chini".

Sheria ya ununuzi wa umma ya mwaka 2015 haisemi kazi apewe mwenye bei ya chini, nukta. Kwa zabuni za kawaida inasema bei ya chini iliyotathminiwa. Yaani kwanza wanaangalia kama karatasi zako za lazima zimetimia. Kisha wanaangalia kama unaweza kazi. Ukipita hapo ndipo bei yako inafunguliwa macho na kulinganishwa na za wengine. Ukianguka hatua ya pili, hata ungesema utafanya bure, hiyo bei haina pa kusimama. Lakini sheria hiyo hiyo inasema utathmini ufuate vigezo vilivyoandikwa kwenye stakabadhi za zabuni, si vile afisa amekumbuka akinywa chai ya saa nne.

Unakumbuka laptopu za darasa la kwanza? Huenda ulikuwa mdogo, ama wewe mwenyewe ndiwe uliyeahidiwa. Zabuni ile ya mabilioni ilipewa kampuni ya Olive kutoka India. Washindani wake, HP na Haier, wakaipeleka kwenye bodi ya rufaa za zabuni. Mwaka 2014 bodi ikaifuta, na miongoni mwa sababu ni kwamba Olive haikuwa mtengenezaji wa vifaa hivyo na uwezo wake wa kifedha ulitiliwa shaka. Watoto walioingia darasa la kwanza mwaka huo, awe wa Maua ama wa Siakago, hawakuona laptopu. Vifaa, tena vikiwa tableti, vilianza kusambazwa shuleni 2016. Hiyo ndiyo bei ya kutouliza mapema kama mtu anaweza kazi. Haiandikwi kwenye risiti.

Na Embu mnajua hii habari kutuliko sote. Mwaka 2014 Martin Wambora aliweka historia kwa kuwa gavana wa kwanza Kenya kung'olewa na bunge la kaunti na Seneti. Tuhuma zilihusu jinsi pesa zilivyotumika na manunuzi yalivyofanywa, ikiwemo ukarabati wa uwanja wa michezo wa Embu na mbegu za mahindi. Mahakama zilimrudisha kazini na 2017 akachaguliwa tena, kwa hivyo siasa zake niziache hapo. Mimi nilibaki nikifikiria mbegu. Ukinunua kiti kibovu, kitavunjika ukinunue kingine. Mbegu mbovu inakula msimu mzima, na kule Mbeere mvua haina desturi ya kukusubiri urekebishe tenda.

Sasa usinielewe vibaya. Sisemi tuwaachie wakubwa. Hili neno "uwezo" ndilo pia linatumiwa kutufungia mlango. Utaona tangazo la kusambaza sabuni na karatasi za chooni linataka uzoefu wa miaka mitano na mauzo ya mamilioni. Kusambaza karatasi za chooni! Serikali imetutengea asilimia 30 ya manunuzi sisi vijana, akina mama na watu wenye ulemavu, na kaunti inatakiwa kuwawekea wakazi wake angalau asilimia 20. Kwa zabuni hizo zilizotengwa hata dhamana ya benki huitishwi, unatia tu sahihi fomu ya ahadi. Halafu mtu anachukua kalamu na kuandika sharti moja linalofuta yote hayo.

Maoni yangu ni haya: uwezo upimwe kulingana na kazi yenyewe. Anayejenga daraja aonyeshe madaraja. Anayeleta madawati, ofisi ipande boda hadi karakana yake ikaone mbao na mashine. Sheria inaruhusu uchunguzi huo kabla ya mtu kupewa kazi, na kutoka mjini hadi Makutano si safari ya kuitisha marupurupu. Na kama kazi ni kubwa kwa mafundi wa hapa, igawanywe. Madawati 100 kwa mmoja wa Makutano, 100 kwa mwingine wa Nkubu, bila ujanja wa kupitishiana chini ya meza.

Na wewe, soma stakabadhi zote kabla ya kuandika bei. Ukiona sharti la ajabu, iandikie ofisi uulize kabla ya siku ya mwisho. Ukishindwa, una haki ya kupewa sababu kwa maandishi, na tangu ujulishwe una siku 14 tu kufika kwenye bodi ya rufaa. Bodi nayo ina siku 21 kuamua. Rafiki yangu alikuja kwangu siku ya 20 akiwa na barua imekunjwa mfukoni. Alikuwa na hoja nzuri sana. Hakukuwa na mahali pa kuipeleka.

Juzi amenipigia simu akiwa Embu. Kuna zabuni nyingine, meza na viti, na wanataka aonyeshe kazi tatu kama hiyo alizowahi kufanyia serikali. Hana hata moja. Za shule za kibinafsi anazo nne. Amewaandikia kuuliza kama hizo zinahesabika. Hawajajibu, na zabuni inafungwa Ijumaa.