Kuhamia mji wa vyuo: tuliyoyapima kabla ya kufunga mizigo

 

Wiki hii tunaomba ruhusa ya kuzungumza habari za nyumba yetu wenyewe, kwa kuwa swali lililotushughulisha siku hizi linabisha hodi katika nyumba nyingi za Sumbawanga. Mwenzetu wa nyumbani, ambaye ana stashahada ya uhasibu na ndiye anayeshika hesabu za duka letu dogo la nafaka, amepata nafasi ya kusoma shahada ya miaka 3 katika kampasi ya Mbeya ya Chuo Kikuu Mzumbe. Sisi tuna watoto 3, mama mzazi aliyetimiza miaka 70, shamba la mahindi na maharage, darasa la madrasa la kila jioni, na ukatibu wa kamati ya msikiti. Je, tuhame sote, aende peke yake, au abaki?

Kwa watu wa Ufipa, Mbeya ndiyo mji wa vyuo. Kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, kuna kampasi hiyo ya Mzumbe, kuna Teofilo Kisanji, na kuna vyuo vya biashara, afya na kilimo. Barabara ya lami ya Tunduma hadi Sumbawanga, yenye zaidi ya kilomita 220, imeifupisha safari ambayo wakati wa mvua ilikuwa haina saa ya kufika. Hata hivyo, wepesi wa safari haujaufanya uamuzi wa kuhama kuwa mwepesi.

Njia tatu mezani

Njia ya kwanza ilikuwa kubaki na kusoma hapahapa. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina kituo mkoani kwetu. Ada inalipwa, nyumba haihamishwi, mama haachwi. Tuliipenda sana njia hii, mpaka mwenzetu alipotukumbusha kozi fupi aliyoisoma akiwa nyumbani mwaka juzi. Mchana alikuwa dukani, jioni jikoni, na baada ya Isha alikuwa akilala na kitabu kifuani. Akasema kwa upole kwamba muda wa aliyesafiri kusoma huheshimiwa na kila mtu, lakini muda wa anayesoma nyumbani hauheshimiwi na yeyote. Hatukuwa na jibu, kwa sababu miongoni mwa waliokuwa wakimwita kutoka kwenye kitabu, sisi tulikuwa wa kwanza. Wapo wanaohitimu kwa njia hiyo na tunawapongeza, lakini inataka nyumba iliyokubali kumpa msomaji saa zake.

Njia ya pili ilikuwa aende peke yake, akae bweni, nasi tubaki na watoto. Hapa ziliingia hukumu za dini. Safari ya mwanamke bila maharimu ni suala ambalo wanazuoni wamelizungumza kwa urefu, na wametofautiana kuhusu njia yenye amani na wenzi waaminifu. Tulimuuliza sheikh wetu, akatushauri tuchukue lililo salama zaidi. Lakini hata pasingekuwa na suala la safari, miaka 3 ya ndoa kwa simu si jambo dogo. Mtoto wetu wa mwisho ana miaka 4.

Njia ya tatu ilikuwa kuhama sote. Tulichukua daftari, tukaandika: ada, kodi ya nyumba, ambayo wenye nyumba wengi huitaka ya miezi 6 kwa mkupuo, nauli, sare mpya za shule, chakula ambacho hapa tunakitoa shambani na kule tutakinunua. Hesabu haikulingana. Jamaa mmoja akajitolea kutuonyesha mahali pa kupata mkopo wa haraka wenye riba. Tulimshukuru, tukakataa. Elimu tunayoitafuta kwa ajili ya riziki ya halali haiwezi kuanzia kwenye mlango wa haramu. Tukakubaliana kuuza maksai wetu 2. Wanaojua kilimo cha huku wanafahamu uzito wa kauli hiyo, kwamba msimu ujao tutaazima au tutashika jembe.

Mama, na mzee wa kamati

Jambo lililotukosesha usingizi halikuwa fedha. Lilikuwa mama. Tulimweleza tukiwa tumeketi chini, tukitarajia machozi. Akanyamaza kitambo, kisha akasema: "Wanangu, mdogo wenu yupo, nyumba ni kubwa, na aje akae na mkewe. Ila msinifanye mimi kuwa jina la hofu yenu." Tulitahayari. Ni kweli kwamba kila tulipokuwa tukiulizwa tulikuwa tukijibu, "Tatizo ni mama," ilhali mama hatukuwa tumemuuliza. Wema kwa wazazi ni wajibu mzito, na sehemu ya wema huo ni kuwasikiliza badala ya kuwasemea.

Mzee mmoja wa kamati alituuliza kwa sauti ya kila mtu kusikia: "Mwanamke ana watoto watatu, shahada ya nini?" Tunamheshimu, na tulimjibu kwa heshima. Mama wa waumini, Bibi Aisha (R.A.), amepokewa kwake hadithi zaidi ya 2,000, na masahaba wanaume walikuwa wakimwendea kuuliza. Umma ambao sehemu kubwa ya elimu yake imepitia kwa mwanamke haupaswi kushangaa mwanamke akifunga mkoba wa vitabu. Tuliongeza kwamba daftari la mapato ya msikiti, analolisifu mzee kila mwaka kwa usafi wake, hukaguliwa usiku na huyohuyo anayemzungumzia.

Lakini kamati ilituonyesha na aibu yetu. Tulipoanza kukabidhi, tuligundua kwamba majina ya watoto wa madrasa, waliolipa na waliosamehewa, mengi yalikuwa kichwani mwetu tu. Tulikuwa tukijisifu kwamba bila sisi mambo hayaendi. Kumbe hiyo haikuwa sifa, ni upungufu wa amana. Kazi ya Allah isikae mfukoni mwa mtu mmoja. Kwa wiki 3 sasa tumekuwa tukiandika, na kijana mmoja wa madrasa amekwisha kushika darasa la jioni, tena watoto wanampenda.

Shura, istikhara, kisha hatua

Qur'ani ina sura nzima iitwayo Ash-Shura, ambamo waumini wanasifiwa kwa kuendesha mambo yao kwa kushauriana. Mtume (S.A.W.) naye aliwafundisha masahaba istikhara katika mambo yote, kwa uzito uleule aliowafundishia sura za Qur'ani. Wengi wetu husali rakaa 2 kisha wakangoja ndoto. Ndoto si sharti. Mja huomba kheri, akauliza wenye ujuzi, akatazama njia inayofunguka, akaenda na moyo uliotulia.

Tulisali sote wawili, kisha tukapanda basi la alfajiri kwenda kutazama. Sala ya Alfajiri tuliswali njiani, baada ya kumwomba dereva kwa adabu asimame. Mbeya tulitafuta kwanza msikiti na madrasa, ndipo tukatafuta nyumba. Tuliona kwamba vyumba vilivyo karibu na vyuo vinagombaniwa na wanafunzi, na kwamba familia hupata nafuu ikisogea pembeni.

Uamuzi wetu ni huu. Vyuo vikuu hufunguliwa karibu na Oktoba au Novemba, na shule za msingi huanza mwaka Januari. Tutamsindikiza mwenzetu, akae Mbalizi kwa shangazi yetu hadi watoto wamalize mitihani na sisi tumalize kupanda. Januari tutamfuata, na tutarejea kila mavuno kumwona mama na kubeba mahindi. Duka litabaki kwa mdogo wetu. Huko hatutakuwa wasafiri. Katika madhehebu ya Shafii, anayenuia kukaa siku 4 kamili hapunguzi tena sala. Wanafunzi wetu walioko vyuoni walizingatie hilo.

Huenda tukakosea. Nyumba nyingine, ikipima mambo haya haya, itaamua kubaki, na itakuwa imepatia. Tunachowausia ndugu zetu ni kwamba kila anayeguswa na uamuzi aulizwe kwa kinywa chake, akiwemo mtoto. Binti yetu wa darasa la 4 alipoulizwa alisema ana neno moja tu: bibi afundishwe kupiga simu ya picha kabla hatujaondoka. Somo hilo limeanza jana.

Wabillahi tawfiq.