Ndege ya Tongwe na mabega ya wapagazi

Tuseme wazi: tumechoka na hii habari ya ndege. Kila mara tunapokutana kuzungumza juu ya desturi na historia ya kwetu Tanganyika, kuna mmoja atasimama kusema kwamba ndege ya vita ya Wabelgiji ingali nzima chini ya maji ya Tongwe, na ndani yake kuna sanduku la dhahabu ya Wajerumani. Mwingine anaongeza mercure rouge. Na wanaosema hivyo si watoto wa barabarani tu. Ni sisi wenyewe, watu wa diplome, walimu, makarani wa leta.

Bon, tuanze na ndege yenyewe. Ndege zilikuwako, hatukatai. Waingereza waliwapa Wabelgiji ndege nne za aina ya Short 827, zile za kutua juu ya maji. Zilikuja vipande vipande ndani ya masanduku, kwa meli, kwa mto, kwa reli, mpaka reli ya Kabalo iliyofika ziwani mwaka 1915. Ziwa kubwa lina mawimbi makali, kila mvuvi anajua, basi wakatafuta maji matulivu pale Tongwe, upande wa Mtoa, kaskazini mwa Albertville, ndiyo Kalemie ya leo. Kutoka hapo, mwezi wa sita 1916, marubani kama Aimé Behaeghe waliruka ng'ambo kutupa mabomu juu ya Kigoma na juu ya meli ya Wajerumani, Graf von Götzen.

Sasa tuulize kama watu wenye akili. Mwili wa Short 827 ulikuwa wa mbao na kitambaa. Kitambaa! Kitie ndani ya maji ya moto ya kwetu miaka zaidi ya 100, utakuta nini? Labda chuma cha masini, basi. Na ndege ya watu wawili, iliyolemewa na mafuta na mabomu, nani angepakia humo sanduku la dhahabu, tena dhahabu ya adui wake? Hapo msimulizi ananyamaza kidogo, halafu anasema: «Nyinyi hamuelewe, bazungu balikuwa na siri.»

Hadithi ya dhahabu ina mzizi, tukubali. Mwaka 1916 Wajerumani walitengeneza Tabora sarafu za dhahabu zenye picha ya tembo, kama 16,000 hivi, juu walikuwa wamefungiwa njia za bahari na walikosa pesa. Lakini sarafu ilipigwa ili ilipe watu, ilitembea mikononi. Kutoka sarafu za Tabora mpaka sanduku la Tongwe, njia hiyo imejengwa na mdomo tu. Mercure rouge haina hata mzizi: hakuna kitu kama hicho duniani, ni biashara ya wadanganyifu. Wanamwambia kijana kwamba iko ndani ya bombu la zamani, naye anachukua nyundo na burini. Baruti ya zamani haizeeki kwa heshima. Anayemtuma kijana huyo akae mbali, yeye anangoja franga.

Lakini hasira yetu kubwa haiko hapo. Iko kwa kile kinachofunikwa na hadithi hizi. Jina la Behaeghe liko vitabuni, pamoja na kifo chake kwa ugonjwa huko Niemba mwisho wa 1916. Nani alibeba masanduku pale reli ilipokatika? Nani alibeba mchele, risasi na maji wakati Force Publique ilipotembea mpaka kuingia Tabora tarehe 19 mwezi wa tisa 1916? Hesabu inayotajwa mara nyingi ni wapagazi 260,000 wa upande wa Kongo. Walikufa kwa njaa, kwa kuhara, kwa baridi ya milimani. Hawakuwa na bunduki, basi hawakuitwa mashujaa. Tuonyeshe kijiji kimoja ambako majina yao yameandikwa ukutani.

Angalia pia mambo ya Mimi na Toutou, zile mashua mbili za Waingereza zenye urefu wa mita 12 hivi. Mwaka 1915 zilivutwa kutoka Fungurume, zikapandishwa milima ya Mitumba, mpaka Sankisia. Vitabu vya kwao vinamsifu kamanda Spicer-Simson, vinasema Waholoholo walimwita Bwana Chifunga-tumbo kwa sababu alivaa sketi, na kwamba walimfanyia sanamu za udongo kama mungu. Wao waliandika hadithi juu yetu, sisi tunaandika hadithi juu ya ndege yao. Aliyekata miti ya madaraja na kuvuta kamba hayumo huku wala kule.

Na masalio ya kweli yakituangalia usoni, hatuyaoni. Götzen ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwezi wa saba 1916, masini zimepakwa mafuta ili zisioze. Waingereza waliiopoa 1924, na tangu 1927 ikatembea ziwani kwa jina la Liemba. Mwaka 1997 ilirudisha maelfu ya wakimbizi wetu kutoka Kigoma. Kuna wasomaji wa kitabu hiki waliopanda humo na watoto mgongoni. Ni nani kati yetu aliyekaa nao akaandika?

Tutaambiwa kwamba hadithi ni desturi, na sisi tunaua desturi. Hapana. Hadithi ya mzimu wa ziwani tutailinda. Ila hii ya sanduku ilikuja na tamaa ya mali, na haikumfundisha mtoto kitu.

Mwaka jana tulimtembelea mama mmoja mzee, tukamuuliza juu ya ndege, maana hata sisi tulikuwa na ugonjwa huo. Alicheka. Akasema hajui ndege, lakini babu yake «alienda Tabora», akarudi na bega moja limeshuka chini, na mpaka kufa hakukubali mtu amwekee mzigo, hata mtoto. Tukamuomba jina la babu. Akalitaja, akataja na la ndugu yake ambaye hakurudi. Halafu akatuuliza: «Baba, mutayaandika wapi?»