Mjumbe wa Kongo na Hoja ya Virunga

Rumangabo, makao makuu ya Hifadhi ya Taifa ya Virunga, iko mbali na kumbi ambamo wajumbe wa Kongo huitetea nchi yao mbele ya Kamati ya Urithi wa Dunia. Walakini ni hapa, penye makaburi ya walinzi waliouawa wakiilinda hifadhi hiyo, ndipo kila hoja inayonenwa huko hupata ushahidi au hufedheheka. Virunga, iliyoasisiwa mwaka 1925 na kutiwa katika orodha ya urithi mwaka 1979, imehesabiwa miongoni mwa urithi ulio hatarini tangu 1994, na muda wote huo wajumbe wetu wameulizwa habari za vita, za makaa na, juu ya yote, za mafuta.

Hapo penye mafuta ndipo penye uzito. Mjumbe, hata awe fasaha wa ulimi kiasi gani, hawezi kuithibitishia kamati kwamba hifadhi imo katika amani ya dola ilhali dola iyo hiyo, Julai 2022, ilinadi vitalu vya mafuta vinavyoigusa. Na mnada ule ulipofutwa mwaka 2024, shaka ilikuwa imekwisha kukaa nyoyoni. (Hatumlaumu mjumbe mwenyewe, kwani husoma waraka alioandikiwa.) Fauka ya hayo, vita navyo viliikanusha amani hiyo: Oktoba 2022 kambi ya jeshi ya Rumangabo ilitwaliwa na waasi wa M23.

Twaiomba Kinshasa iwasikilize kwanza walinzi wa Virunga, ndipo imwandikie mjumbe wake hotuba.