Usitoe nenosiri la seva kwa sababu ya mstari mmoja

Mteja amelipa. Ujumbe wa uthibitisho anao kwenye simu, pesa imeshaingia kwenye till yako, lakini tovuti ya duka lako bado inamwambia hajalipa. Anakupigia akiwa amekasirika, na ana haki. Yalinipata mimi Jumamosi moja jioni, oda kumi na moja zikiwa zimekwama. Kumbe nilipobadilisha anwani ya tovuti, faili ya mipangilio kwenye seva ilibaki na anwani ya zamani. Taarifa za malipo zilikuwa zinatumwa mahali pasipo na wa kuzipokea.

Fundi aliyenitengenezea tovuti alikuwa safarini. Mwingine akaniambia, "Nitumie tu paswadi kwa WhatsApp, hiyo ni kazi ya dakika mbili." Kuhusu dakika alisema kweli. Lakini faili hiyo hiyo ndiyo inayobeba funguo zangu za API, na mwenye kuzipata anaweza kuwatumia watu maombi ya malipo kwa jina la duka langu. Ni sawa na kumtajia wakala PIN yako eti kwa sababu umesahau miwani nyumbani.

Kwa maoni yangu, kila mwenye duka la mtandaoni anafaa kujua kutumia nano. Hiki ni kihariri kidogo cha maandishi kinachofanya kazi ndani ya terminali, ile skrini nyeusi ambayo wengi wetu huiogopa bure. Chris Allegretta alianza kukiandika mwaka wa 1999 ili kichukue nafasi ya Pico, kihariri cha zamani ambacho leseni yake ilikuwa na masharti mengi. Seva nyingi za Linux huja nacho tayari. Amri zake zimeandikwa chini ya skrini muda wote, kwa hivyo huna haja ya kukariri. Kinachochanganya watu ni ile alama ya ^. Maana yake ni kitufe cha Ctrl, basi.

Ukishaingia kwenye seva na kufika kwenye folda ya tovuti, toa nakala kwanza. Faili yenyewe mara nyingi huitwa .env, kwa hivyo unaandika: cp .env .env.nakala. Kisha: nano .env. Bonyeza Ctrl+W, andika kipande cha anwani ya zamani, halafu Enter, na kishale kitaruka hadi hapo. Rekebisha. Ctrl+O na Enter ni kuhifadhi, Ctrl+X ni kutoka.

Ukitaka kutoka kabla ya kuhifadhi, nano itakuuliza kama mabadiliko yahifadhiwe: Y ni ndiyo, N ni hapana. Swali hilo nalipenda sana. Linafanya kazi ya ile skrini inayokuonyesha jina la mpokeaji kabla hujaweka PIN, na watu hulipita mbio vilevile. Kama umefuta kitu usichokielewa, bonyeza N na faili itabaki ilivyokuwa.

Baada ya hapo anzisha programu ya tovuti upya, ujilipe shilingi kumi kama jaribio, na ikifaulu ufute ile nakala kwa rm .env.nakala. Usiiache ikilala hapo, ina funguo zilezile.

Mafundi watanuna, najua. Watasema mwenye duka akishika terminali ataharibu kila kitu. Kwa faili za msimbo wenyewe nawaunga mkono: hizo usiziguse. Lakini kubadilisha anwani au nambari ya till kwenye mipangilio si ufundi wa kumlipa mtu, na hakika si sababu ya kugawa nenosiri. Na kama ulishaligawa siku za nyuma, libadilishe leo, pamoja na funguo za API.

Kufanya mazoezi hakuhitaji seva wala kompyuta. Ukiwa na simu ya Android, weka Termux, andika pkg install nano, kisha nano soko.txt. Andika orodha yako ya sokoni, hifadhi, toka, ifungue tena. Futa sukuma wiki, bonyeza Ctrl+X halafu N, uone kama itakuwa bado ipo ukirudi.