Mche Ulio Hai Ndio Kumbukumbu

Profesa Wangari Maathai alifariki Nairobi tarehe 25 Septemba 2011. Aliusia asiwekwe katika jeneza la mbao. Likatengenezwa la mianzi, mafunjo na magugumaji. Mwalimu huyo wa chuo kikuu alianzisha Vuguvugu la Ukanda wa Kijani mwaka 1977, akawafundisha wanawake wa vijijini kuotesha miche. Nao walilipwa kwa mche ulioshika, si kwa mche uliopandwa tu.

Hapo ndipo penye somo letu sisi wa Nchelenge, tunaokausha samaki wa Ziwa Mweru kwa moshi wa kuni. Tusijivunie sherehe za kupanda miti. Mwaka ukipita, tuhesabu iliyo hai. Raia mwema hupanda, kisha humwagilia.