Ndai Inazima Katikati ya Barabara? Kabla Ulaumu Petroli, Soma Hii Stori ya Pampu

Kuna lalamiko moja kila mwenye gari Kenya amewahi kuskia, kama si yake basi ni ya beshte. Ndai ilikuwa fiti kabisa. Uko Southern Bypass unatembea 80, ghafla injini inapoteza nguvu, taa zinawaka zote kwa dashibodi, chuma inazima. Unasukuma kando, unangoja dakika kumi, unawasha, inakubali. Unafika home ukimshukuru Mungu. Wiki ijayo inarudia.

Ukiuliza wasee watano, utapewa majibu matano. Wa kwanza atasema ni petroli chafu. Wa pili atasema ni plagi. Wa tatu koili, wa nne sensa, na wa tano atakuambia ulirogwa na ex. Makanika naye atabadilisha kitu kimoja kimoja mpaka doo yako iishe.

Na kusema ukweli, kushuku petroli si ujinga. Hii nchi imewahi kuwa na shida kubwa ya watu kuchanganya mafuta taa na petroli ama dizeli, mpaka 2018 serikali ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa ndio huo mchezo uache kuwa na faida. Lakini kuna mshukiwa mwingine ambaye hatumtaji sana hapa Kenya, ilhali huko gari zetu zinatoka anajulikana vizuri sana: pampu ya mafuta.

Pampu ilifanya nini?

Kwa tanki ya gari yako kuna pampu inayosukuma petroli mpaka kwa injini. Ndani ya hiyo pampu kuna kafeni kadogo ka plastiki kanakozunguka kwa kasi. Kampuni ya Denso ya Japan, ambayo huuzia watengenezaji wengi wa magari spea, ilitoa pampu nyingi ambazo hako kafeni kalitengenezwa kwa plastiki isiyoshikana vizuri. Plastiki ya aina hiyo inafyonza petroli polepole, inavimba, mwishowe inasugua ukuta wa pampu. Pampu inazunguka kwa shida, ama inasimama kabisa. Pampu ikisimama, injini haina cha kunywa. Inazima.

Hii si udaku wa mtaani. Machi 2020, Toyota ilisema gari zinazohusika na hii shida ni kama milioni 3.2 duniani. Kufikia Oktoba mwaka huo hesabu ilikuwa imepanda hadi milioni 5.84. Subaru na Mazda pia ziliita gari zao zirudi kurekebishwa. Halafu Desemba 2023 Honda ikatangaza kuita karibu gari milioni 4.5 duniani, zaidi ya milioni 2.5 zikiwa Marekani peke yake.

Na kama unadhani gari kuzima ni shida ya kukuchelewesha job tu, skia hii. Julai 2023, mkoa wa Tottori huko Japan, ndai ndogo ya Honda ilizima ikiwa kwa barabara kuu. Ikagongwa kutoka nyuma. Mtu mmoja akafa. Uchunguzi ulirudi kwa hiyo hiyo pampu.

Sasa chukua hiyo picha uilete hapa. Usiku, Mombasa Road pande za Sultan Hamud. Trela nyuma yako, trela mbele yako, bega la barabara limeliwa. Injini ikizima, breki bado ziko lakini baada ya kukanyaga mara mbili tatu pedali inakuwa ngumu kama jiwe, kwa sababu kile kitu kinachokusaidia kukanyaga kinategemea injini. Kama usukani wako ni wa stima, utasaidika bora betri iko na moto. Uko na sekunde chache tu za kutumia kasi iliyobaki kutoka kwa njia. Wengi hawajui hata hiyo, wanashtuka na kusimama hapo hapo katikati ya leni.

Sheria ya miaka 8 inatuangusha aje

Hapa ndio stori inakuwa yetu kabisa. Sheria ya KEBS inasema gari ya mkono wa pili inayoingia Kenya isizidi miaka 8 tangu isajiliwe mara ya kwanza. 2024 tulikuwa tunaleta za 2017 kuja juu. 2025 tukaleta za 2018. Kuanzia Januari 2026 ni za 2019.

Sasa rudi kwa pampu. Gari ambazo Honda iliita 2023 huko Marekani zilikuwa za miaka ya 2017 hadi 2020. Umeona hiyo hesabu? Tunasubiri gari ipunguze bei Japan, tunasema tunachukua ya karibuni kwa sababu ndio iko salama, na ile miaka tunayochukua sasa ndio ile miaka ya pampu mbovu. Sheria haina makosa kwa nia yake, inatusaidia tusiletewe vyuma chakavu. Lakini umri wa gari haukuambii kama kiwanda kiliiita na mwenyewe akapuuza.

Tuelewane, si kila Fit, si kila Impreza, si kila Demio. Gari mbili zinaweza kuwa za rangi moja, mwaka mmoja, zimetoka kiwanda kimoja, na moja tu ndio iko kwa orodha. Inategemea pampu gani iliwekwa siku hiyo. Na pia kuna nyingi ambazo zilirekebishwa zamani zikiwa bado Japan. Ndio maana kubahatisha hakusaidii. Lazima uangalie yako.

Mwito unapotelea baharini

Kule Japan, gari ikiitwa, mwenyewe anatumiwa barua, anaipeleka kwa muuzaji, inatengenezwa bure. Tena kuna ukaguzi wa lazima: gari mpya inakaguliwa baada ya miaka mitatu, halafu kila miaka miwili. Kwa ile sakata ya mifuko ya hewa ya Takata, ile inayolipuka na kurusha vipande vya chuma usoni, Japan ilifika mahali ikasema kuanzia Mei 2018 gari zilizo kwa hatari kubwa na hazijatengenezwa hazitapita ukaguzi. Yaani hutaki kurekebisha, basi park.

Lakini gari ikishauzwa mnadani, ikapandishwa meli, ikashukishwa Mombasa, hiyo barua inatumwa kwa nani? Mwenyewe wa kwanza alishauza. Kiwanda hakijui jina lako. Jamaa wa yadi ya Ngong Road alinunua apate faida auze. Wewe ulipewa funguo, ukapiga picha ya Insta, ukaweka nyimbo. Mwito ulibaki bandarini Yokohama.

Na usisahau kitu ya Takata, kwa sababu inatuhusu sana. Ile baruti iliyo ndani ya hiyo mifuko inaharibika ikikaa kwa joto na unyevu miaka mingi. Sasa niambie, kati ya Sapporo na Mombasa, wapi kuna joto na unyevu? Takata yenyewe iliomba ulinzi wa kufilisika Juni 2017. Gari zake bado zinatembea.

Utasema, lakini gari hukaguliwa Japan kabla ije. Ni kweli, na huo ukaguzi una maana. Shida ni kwamba ukaguzi unaangalia gari ilivyo siku hiyo. Pampu ambayo itavimba miezi sita kutoka leo, siku hiyo inafanya kazi poa. Hutaiona kwa macho. Njia ya kuijua ni kuangalia nambari ya chesisi kwa rekodi za kiwanda.

Wenzetu walilalamika mpaka ikasikika

Kuna msee atauliza, sasa kulalamika kunasaidia nini? Angalia stori ya Hyundai na Kia huko Marekani. Injini zao za Theta II zilikuwa zinagonga, zinakwama, zingine zinashika moto. Chanzo kilikuwa vipande vidogo vya chuma vilivyobaki wakati wa kutengeneza shafti ya injini, vinaziba njia za oili, injini inajila yenyewe. Hyundai ilianza kuita gari 2015, ikaongeza 2017 pamoja na Kia.

Mhandisi wa Hyundai mwenyewe, Kim Gwang-ho, alipeleka makaratasi kwa mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, akisema kampuni ilichelewa kuita gari. Novemba 2020 kampuni hizo mbili zilikubali adhabu ya jumla ya dola milioni 210 kwa ajili ya gari zaidi ya milioni 1.6. Mwaka uliofuata Kim akapewa zawadi ya zaidi ya dola milioni 24. Maze, hiyo ni doo ya kuacha kazi.

Kilichofanya hiyo kesi isonge si hasira tu. Marekani kuna mahali pamoja ambapo mwenye gari anaandika: gari aina hii, mwaka huu, ilizima nikiwa na kasi hii. Mmoja akiandika, ni bahati mbaya. Mia tano wakiandika kitu kimoja, mtu anaamka ofisini. Na mtu yeyote anaweza kuingia asome.

Hapa kwetu lalamiko linaishia kwa makanika na kwa grupu la WhatsApp. Makanika wa Grogan anajua kila kitu, amefungua tanki kibao, lakini anachojua kinabaki kwa mikono yake iliyo na grisi. Hakuna anayejumlisha. Kwa hivyo kila mwenye gari anadhani ni yeye tu ako na bahati mbaya.

Na tuko na haki kwa karatasi. Kipengele cha 46 cha Katiba kinasema mnunuzi ana haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa, kupewa habari anazohitaji, kulindwa afya na usalama wake, na kulipwa akipata hasara kwa sababu ya bidhaa mbovu. Hakijasema isipokuwa gari ya mkono wa pili.

Kwa hivyo KEBS ikitaka kutusaidia, kitu rahisi ni hiki: cheti cha ukaguzi kutoka Japan kiseme wazi kama hiyo chesisi ina mwito ambao haujashughulikiwa. Ikiwa upo, itengenezwe huko huko bure kabla ipande meli. NTSA nayo ifungue daftari moja la malalamiko ya gari kuzima, kushika moto na kukosa breki, na iliache wazi watu wasome. Haihitaji kujenga jengo.

Fanya hivi kama hutaki kungoja serikali

Moja, chukua nambari ya chesisi. Gari ya Japan haina ile nambari ya herufi 17 ya Marekani. Yake huanza na kodi ya modeli, kistari, halafu tarakimu. Ukiiweka kwa tovuti ya Marekani haitaitambua. Ingia tovuti ya Kijapani ya kampuni iliyotengeneza gari, tafsiri ukurasa na simu, tafuta sehemu ya kuangalia mwito, weka nambari. Itakuambia kama gari iliitwa na kama ilirekebishwa.

Mbili, kama bado hujalipia gari, fanya hiyo hatua kabla utume doo. Ukipata mwito, mwambie muuzaji wa Japan aipeleke itengenezwe kwanza. Huko ni bure. Ikishafika hapa, swali la nani atalipa litakuwa lako.

Tatu, kama gari yako tayari iko kwa orodha ama inazima zima, usikubali kuwekewa pampu iliyotolewa kwa gari nyingine ya mwaka huo huo. Unaweza kuwa unatoa mgonjwa unaingiza mgonjwa. Uliza nambari ya spea, uliza kama ni mpya. Kama kuna muuzaji rasmi wa hiyo kampuni hapa nchini, mwandikie, umpe chesisi, upate jibu lililoandikwa.

Nne, jua dalili. Injini inatetemeka ikiwa moto, inakataa kuwaka asubuhi, inakosa nguvu mlimani, taa ya injini inawaka na kuzima. Ukiona hizo, usianze safari ya Kisumu usiku.

Tano, ikizima ukiwa na kasi: usikanyage breki mara kwa mara. Washa hazadi, shika usukani kwa nguvu, peleka gari kushoto nje ya njia na hiyo kasi iliyobaki. Toeni watu wote, simameni mbali na barabara, halafu uweke laifseva mbali nyuma ya gari. Simu kwa makanika baadaye.

Na ukishatengeneza, usinyamaze. Andikia NTSA, andikia KEBS, weka aina ya gari, mwaka, chesisi na kilichotokea, ubaki na nakala. Barua moja itawekwa kwa droo. Zikifika mia tano za gari aina moja, hiyo droo haitafunga.