Nguvu za Mwovu ni za Kukopeshwa



Wapendwa katika Kristo, tafakari yetu ya juma hili inatokana na swali la vijana wetu wa Makambako, ambao jioni hukusanyika kwenye vibanda vya video kutazama filamu za nje zilizoingizwa sauti ya Kiswahili. Wamekuwa wakifuatilia mfululizo wa Star Wars, ulioanzishwa na Mmarekani George Lucas mwaka 1977. Wanauliza: yule Mtawala mwovu aitwaye Palpatine, nguvu zake zinafanyaje kazi? Na je, ni sawa na nguvu za wachawi?

Wapo wazee walionishauri nijibu kwa neno moja, kwamba filamu hizo ni za kishetani na vijana waziache. Sikubaliani nao. Swali la vijana ni jema, na kwetu sisi watu wa Njombe ni swali lenye damu ndani yake.

Tuanze na hadithi yenyewe. Humo husimuliwa juu ya Nguvu moja inayoviunganisha viumbe vyote hai. Wema, yaani Jedi, na waovu, yaani Sith, huchota katika kisima kimoja, lakini kwa ndoo tofauti: Jedi kwa utulivu, Sith kwa hofu, hasira na chuki. Palpatine hurusha radi kutoka vidoleni mwake, na hapo ndipo kibanda kizima hushangilia. Lakini mtazamaji makini ataona kwamba radi hizo hazikumpatia kiti cha enzi. Katika filamu ya mwaka 2005 Mace Windu alizirudisha kwa upanga wake, nazo zikauharibu uso wa mwenyewe aliyezirusha.

Kilichompa enzi ni mambo matatu. La kwanza, huizalisha hofu kisha huuza dawa yake. Katika filamu ya mwaka 1999 yeye ndiye aliyepanga kwa siri kuzingirwa kwa Naboo, sayari yake mwenyewe, na taharuki hiyo ikampandisha kuwa Kansela. Baadaye, vita vilipozuka, aliziongoza pande zote mbili pasipo watu kujua.

La pili, huahidi pasipo kuonyesha. Kijana Anakin anaota kwamba mkewe atafariki akijifungua. Palpatine anamsimulia habari za bwana mmoja wa kale aliyeweza kuzuia kifo. Hamwonyeshi lolote, anasimulia tu. Na mara kijana anapopiga magoti, Palpatine anamwambia kwamba siri hiyo bado itabidi waitafute pamoja. Kumbe ghala lilikuwa tupu tangu mwanzo!

La tatu, hudai damu isiyo na hatia. Kazi ya kwanza anayopewa Anakin ni kwenda hekaluni, na huko wanauawa hata watoto wadogo. Je, mkewe alipona? Hakupona. Alifariki, baada ya mume yule yule aliyedai kumwokoa kumkaba koo.

Basi, wapendwa, jibu langu kwa vijana ni hili: nguvu za Palpatine ni za kukopeshwa. Anakin ndiye aliyemkopesha, akiutoa mkopo katika hofu yake mwenyewe. Ndiyo maana katika filamu ya mwaka 1983, Luke anapoutupa upanga wake na kukataa kumuua baba yake, Mtawala hana tena cha kumshawishi. Zinabaki radi tu, na muda si mrefu mtumishi wake mwenyewe anamtupa shimoni.

Sasa tutoke kwenye filamu, tuje nyumbani. Mwishoni mwa mwaka 2018 na mwanzoni mwa mwaka 2019 watoto waliuawa katika mkoa wetu. Naibu Waziri wa Afya wa wakati ule alitangaza kwamba miili 10 ilikuwa imepatikana, mingi ikiwa imenyofolewa viungo, na mauaji hayo yakahusishwa na imani za kishirikina za kutafuta utajiri. Hiyo haikuwa hadithi ya galaksi ya mbali. Walikuwa watoto wetu.

Mtazameni mpiga ramli anavyofanya kazi, mkamlinganishe na Palpatine. Mtu amefiwa, au duka lake limekosa wateja, au viazi vyake vimeoza shambani. Mpiga ramli anamwambia: kuna mkono wa mtu. Hapo hofu imezaliwa, na mara nyingi ina jina: shangazi, jirani, au bibi kizee ambaye macho yake yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni. Kisha anauza kinga dhidi ya hofu aliyoipanda mwenyewe. Kisha anaahidi utajiri ambao yeye hana. Wahenga walisema mganga hajigangi. Mwenye dawa ya utajiri angehitajije shilingi za mkulima? Na ahadi isipotimia hasemi kwamba amedanganya, husema kafara ilikuwa ndogo. Hivyo ndivyo mtu aliyeanza na kuku mweusi anavyoweza kuishia kwa mtoto wa mwenzake.

Simsemi hapa mganga wa miti shamba, ambaye kazi yake inatambuliwa na sheria ya mwaka 2002 ya tiba asili. Namsema mpiga ramli, ambaye Serikali ilimpiga marufuku Januari 2015 kutokana na mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino. Miaka minne baada ya marufuku hiyo tulikuwa tukizika watoto hapa Njombe. Kwa nini? Kwa sababu amri inaweza kumfukuza muuzaji, lakini haiwezi kumfukuza mteja. Na mteja ni nani? Wengine ni wabatizwa, wenye rozari shingoni na hirizi kiunoni.

Mtaniambia: Padre, lakini uovu upo, na Maandiko yanautaja. Naam, upo. Lakini Katekisimu, namba 395, inatufundisha kwamba uwezo wa Shetani una mpaka, maana yeye ni kiumbe tu. Mtakatifu Augustino alifundisha kwamba uovu hauna uhai wake wenyewe, ni upungufu wa wema. Mkulima wa Njombe anaelewa hilo upesi: uozo hauoti peke yake shambani, lazima upate kiazi. Na someni Matendo ya Mitume, sura ya 8. Simoni aliushangaza mji mzima wa Samaria kwa uchawi wake, lakini alipowaona Mitume alitoa fedha ili auziwe uwezo waliokuwa nao. Mwenye nguvu za kweli asingekuja na mfuko wa fedha.

Kwa hiyo nawalaumu pia wale wahubiri, wa dhehebu lolote, ambao mahubiri yao yamejaa shuhuda za kuzimu, Shetani akitajwa mara thelathini na Kristo mara mbili. Wanadhani wanapigana na uchawi, kumbe wanautangaza bila malipo. Msikilizaji hurudi nyumbani akiwa na hofu kubwa kuliko aliyokuja nayo, na mwenye hofu hafiki mbali kabla ya kubisha hodi kwa mpiga ramli.

Tufanye nini basi? Kwanza, jumuiya ndogo ndogo zisikubali mtu yeyote atajwe kuwa mchawi katika vikao vyao. Anayepokea uvumi huo anaongeza mkopo. Pili, anayefahamu mtu aliyeagizwa kiungo cha binadamu asiishie kusali. Aende polisi siku hiyo hiyo. Kunyamaza hapo si busara, ni kushiriki. Tatu, mwenye hirizi ailete, aungame, aiache. Katekisimu, namba 2116 na 2117, inaukataa uaguzi na uchawi wa kila namna, hata ule unaotafutwa kwa ajili ya kurudisha afya.

Kila mkesha wa Pasaka tunaulizwa, tukiwa na mishumaa mikononi, kama tunamkataa Shetani, na kazi zake, na ahadi zake za uongo. Hatuulizwi kama tunamwogopa. Tunaulizwa kama tunamkataa, na jibu tunalitoa kwa sauti, mbele ya watoto wetu. Jibu hilo tuliishi, na mwovu hatakuwa na mahali pa kukopa.

Mungu awabariki nyote.

Padre wenu